Mtaa wa Kumzikia Mama

Mama hakuwahi kuuliza nyumba ina vyumba vingapi. Kila niliporudi kutoka kutazama nyumba, nikamweleza habari za maji, bati, madirisha na ukubwa wa uwanja, alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu yake ya kizamani, kisha akauliza lile lile.

"Na hapo, nani ataniosha?"

Alikuwa anaulizia siku akifa. Aliliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Tulikuwa tumetoka Tabora, watu wawili na mabegi manne. Figo za mama zilikuwa zimechoka, na daktari alisema hataishi bila mashine ya kusafisha damu. Niliomba uhamisho wa kwenda popote penye mashine hizo, nikapata Moshi, kufundisha hisabati katika sekondari moja ya mjini. Tukauza nyumba ya marehemu baba, tukapanga sehemu ndogo mtaa wa Soweto, na nikaanza kutafuta ya kununua. Ndugu hatukuwa naye hata mmoja kuanzia kituo cha mabasi mpaka kule juu mlimani. Mimi ni mtoto wa pekee, na ndoa yangu haikuacha mtoto.

Sasa niseme jambo ambalo sijalisema mbele za watu. Mimi ni mwoga wa maiti. Siongelei woga wa kusisimka kidogo. Kwetu Waislamu, mwanamke akifa wanawake ndio wanaomwosha, na wa kwanza kuitwa ni wa damu yake: binti, dada, mjukuu. Bibi yangu alipofariki nilikuwa na miaka thelathini, mwalimu wa watu, na nilipoitwa chumbani nilijificha jikoni nyuma ya sufuria la pilau nikichagua mchele uliokwisha kuchaguliwa. Waliniita mara tatu. Mama akaenda akamwosha mama yake na majirani, akatoka, akanikuta na ungo mapajani. Hakunisema siku ile wala siku nyingine.

Tabora hofu hii haikunisumbua sana. Mtaa wetu ulijaa wanawake wa rika la mama, na nilijua siku ikifika wao watafanya kila kitu, mimi nitaanguka mkekani, na watu watasema maskini, amezidiwa na majonzi. Moshi sikuwa na wanawake hao. Kwa hiyo dalali wangu alidhani natafuta nyumba, na mimi nilikuwa natafuta wanawake.

Dalali mwenyewe alikuwa mtu mzima mnene, mwenye pikipiki iliyomzidi umri, na alikuwa na maneno matamu kwa kila uchochoro. Nilikwenda naye na daftari. Nyumba nilizitolea maksi kama mitihani: maji, barabara, umbali wa hospitali, na mstari wa mwisho ambao sikumwonyesha, majirani.

Alianza na nyumba za hapo hapo Soweto, mitaa miwili kutoka tulipopanga. Zilikuwa nyumba nzuri, safi, zenye maua kwenye geti na kuta ndefu. Lakini nilikuwa nimeshaishi Soweto miezi mitatu, na jirani wa kulia nilimjua kwa honi ya gari lake tu. Wa kushoto nilimjua kwa mbwa. Watu hao hawakuwa wabaya. Walitoka asubuhi na kurudi jioni kama mimi, wamechoka kama mimi. Nilijiona nimesimama kwenye geti lao, nagonga chuma, mbwa anabweka, nami sijui nianzeje. Habari za asubuhi, naomba wanawake wawili wa kuosha maiti? Nikafuta Soweto.

Akanipandisha Kibosho, kule mlimani. Barabara ilituchapa mpaka nikashuka kwenye pikipiki na kutembea kipande kizima kwa miguu, lakini nyumba yenyewe, jamani. Mstaafu mmoja aliijenga kwenye kiwanja cha kununua, si kihamba, shamba la ukoo lisilouzwa, na sasa alikuwa amehamia kwa watoto wake Dar. Palikuwa na migomba, parachichi hadi mlangoni, na baridi tamu. Jirani, mama wa makamo aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe, aliacha panga lake akaja kutukaribisha. Nilimwamkia shikamoo, akaniketisha, akanipa mtori wa ndizi kwenye bakuli, na kabla bakuli halijapoa nilikuwa nimeshamweleza habari zote za mama. Hata lile swali nilimwambia.

Aliweka mikono magotini akafikiri.

"Sikia mae, mama yangu, nisikudanganye," akasema. "Siku Mungu akimchukua mama yako, hutamaliza kulia kabla hujatuona hapa wote. Ndizi tutaleta, kuni tutaleta, vijana watachimba. Nyumba hii haitalala na njaa wala na giza. Ila kumwosha kwa dini yenu hatujui. Tutagusa vibaya, halafu wewe utabaki na hilo moyoni."

Niliogopa zaidi kwa sababu ya wema wake. Ningeweza kumchukia mtu anayenifungia geti. Yule alinipa kila alichokuwa nacho, na bado katikati palibaki chumba kimoja chenye mlango uliofungwa, na mtu wa kuufungua alikuwa mimi peke yangu.

Nilipomsimulia mama, alitikisa kichwa polepole. "Mtu mkweli huyo. Mpelekee salamu zangu." Kisha akageukia ukutani. "Kwa hiyo na hapo hakuna."

Wiki ile ile, siku ya mashine, presha yake ilishuka. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nasahihisha madaftari. Nikasikia mashine inalia, nikainua kichwa, nikaona macho ya mama yamegeuka juu, mdomo umelegea. Wauguzi walikuja mbio, wakaniambia nitoke. Nilisimama kwenye korido nimekumbatia madaftari ya Kidato cha Pili, na wazo lililonijia halikuwa dua. Lilikuwa hili: ni leo, na sijui hata jina la mwanamke mmoja. Naona aibu kuliandika. Mama yangu anakufa ng'ambo ya pazia na mimi nawaza nani atanifanyia kazi.

Alizinduka baada ya muda, akaomba chai. Mimi nikatoka nje nikampigia dalali. Nikamwambia kesho nataka Pasua, kule kwenye Waislamu wengi, hata kama nyumba ni banda.

Kesho yake tulipofika Pasua jua lilikuwa kali na vumbi limetulia. Kulikuwa na turubai limefungwa katikati ya njia, na wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki wakizungumza chini chini. Dalali akazima pikipiki.

"Leo hatuoni kitu, mwalimu. Mtaa mzima uko msibani. Twende, turudi keshokutwa."

"Mtaa mzima?"

"Hapa akifa mtu, hata duka linafungwa."

Nikamwambia aende zake. Nilikuwa nimevaa baibui jeusi na mtandio, na msibani hakuna anayealikwa. Mpango wangu ulikuwa wa mwalimu: nitakaa pembeni ya mkeka kama msimamizi wa mtihani, nione nani anafanya nini, nihesabu wanawake, niondoke. Niliamini kabisa kwamba ni mpango mzuri.

Nilivua viatu mlangoni, nikatoa salamu kwa sauti ya chini. Wanawake waligeuka. Mmoja, mnene, akaweka mikono miwili kichwani.

"Amefika! Jamani, mdogo wake amefika!"

Kabla sijafungua mdomo nilikuwa vifuani mwa wanawake watano. Pole mama, pole na safari, pole sana. Mmoja alichukua mkoba wangu, mwingine alinifuta vumbi usoni kwa ncha ya kanga. Kutoka kwenye vilio vyao nilielewa nusu nusu. Marehemu alikuwa muuza mihogo ya kukaanga, mtu wa Singida, na alipanga chumba kimoja katika nyumba ile kwa miaka mingi. Ndugu yake pekee alikuwa mdogo wake wa kike, aliyekuwa njiani tangu jana, na simu yake haipatikani. Maziko yalikuwa baada ya alasiri, nao walikuwa wamemngoja mpaka wamechoka.

Nilipaswa kusema pale pale. Ulimi ulinigoma. Machozi yalinitoka, wakayaamini, na hawakujua ni ya hofu. Mkono mmoja ukanishika kiwiko, nikapitishwa kwenye ukumbi uliojaa moshi wa ubani, pazia likainuliwa, na nikajikuta ndani ya chumba nilichokikimbia maisha yangu yote.

Walikuwa watatu wameshika shuka juu ya kitanda. Chini ya shuka kulikuwa na mtu amefunikwa kanga, nyayo zake ziko nje, visigino vimepasuka kama vya mtu yeyote anayesimama kutwa nzima. Mbele ya kitanda alikuwa bibi mmoja mfupi aliyejifunga kanga kiunoni, amevaa glavu za hospitali. Alininyooshea kopo.

"Njoo, mwanangu. Wewe wa damu ndiye wa kuanza."

Nikashika ukuta.

"Bibi, mimi si mdogo wake."

"Ni nani yake?"

"Si mtu wake. Mimi ni mwalimu. Nilikuja kutazama nyumba. Mama yangu anaumwa, hatuna ndugu Moshi, nilitaka tu kuona kama hapa kuna watu wa kuosha." Yote yalitoka kwa pumzi moja, na kila neno lilikuwa baya kuliko lililotangulia.

Walioshika shuka walitazamana. Nilingoja kufukuzwa. Niseme ukweli, niliomba kufukuzwa. Ningepewa mkoba wangu, ningetoka na aibu, na aibu naiweza.

Yule bibi hakulishusha kopo.

"Mwislamu?"

"Ndiyo."

"Una udhu?"

"Ninao."

"Basi mimina. Na yeye hana ndugu hapa."

Nikashika kopo. Maji ya kwanza yalinimwagikia miguuni mwangu mwenyewe. Ya pili yakafika. Bibi alikuwa akipitisha mkono chini ya kanga, upande wa kulia kwanza, akinielekeza bila kunitazama: polepole, hapo, tena, mfunike bega. Kisha akaniambia nishike kichwa. Sikujua kichwa cha mtu kina uzito ule. Kilinilalia viganjani chote, bila kujizuia hata kidogo, na nilibana taya ili meno yasigongane. Mwishowe, maji ya kafuri yalipokwisha kupita, bibi alisema nywele ni nyingi, zigawe mafungu matatu, suka. Nikasuka mikia mitatu. Nilisuka ovyo, na bibi akaufumua mmoja akanirudishia.

Watu hupenda kusimulia kwamba hofu iliwatoka. Yangu haikutoka. Ilikaa nami chumbani mpaka sanda ilipofungwa, na nilifanya kazi nayo ikiwa imenipanda mgongoni.

Mdogo wake halisi alifika jeneza limeshaondoka. Alikuwa mwembamba, vumbi la safari hadi kwenye kope; basi lake lilikuwa limeharibika njiani. Walimkalisha mkekani wakamweleza. Akaniita, akaishika mikono yangu, akanusa kafuri, akalia humo viganjani. Niliwaza tu kwamba basi moja likiharibika, ninaweza kuwa mimi niliyechelewa.

Nilirudi Soweto nikamkuta mama barazani, shuka magotini. Nilianza kusema kabla sijakaa. Nilikuwa na furaha ya kijinga, kama mtu aliyeponea ajali.

"Mama, nimepata! Pasua. Kuna joto, kuna vumbi, lakini kuna bibi mmoja pale anaijua kazi yote, na wanawake wake wapo, mtaa mzima. Wamemwosha mtu ambaye si wao. Hata leo nimeona kwa macho yangu."

"Uliona ukiwa wapi?"

"Ndani."

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Wewe ulifanya nini?"

"Nilimimina maji. Nikashika kichwa. Nikamsuka."

"Hukutoka?"

"Sikutoka."

Mdomo ulimcheza kidogo. Nikadhani presha tena, nikainuka. Akanionyesha kwa mkono nikae.

"Miezi yote hii," akasema, "hukunielewa, mwanangu. Wa kuniosha nilikuwa naye tangu nilipomzaa. Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe kwamba atakuja."

Nilitaka kusema nitakuja. Nikasema, "Mama, naogopa."

"Najua. Hata mimi kwa mama yangu niliogopa. Basi, nunua nyumba popote."

Nilinunua Pasua, nyumba ya pili kutoka kwa yule bibi. Nitaingia chumbani, nimeshamwahidi mama. Lakini peke yangu sitaweza.