Dereva wa Gede anayebadilisha gia kwa sikio

Jumanne, tarehe 14 Mei. Gede imeamka na manyunyu ya masika, na wingu zito limeuziba upande wote wa baharini.

Kwenye kituo cha petroli, Kitsao Ngowa amesimama kando ya gari jeupe la abiria kumi na wanne, midomo ikimcheza kwa sala. Mwenye gari, Bi Waruguru, ameketi kiti cha mbele. Hajawahi kupanda safari hii. Leo amekuja kumchunga dereva wake.

"Jaza mpaka shingoni," anamwambia mhudumu wa petroli. "Nataka nione na macho yangu."

Kitsao, mwenye umri wa miaka 56, huwapeleka kazini wanawake wanaofua mashuka katika hoteli moja ya Kikambala. Tangu gari hili liletwe mwezi Februari, mafuta hayatoshi. Kila akifika Kilifi, tangi alilolijaza Gede hudai lita nane. Waruguru anaamini sita zingetosha. Zile mbili, kwa hesabu yake, huishia kwenye mtungi wa mtu.

Maneno yamesambaa. Vijana wa bodaboda pale stejini wamempa jina la mpira wa kunyonyea mafuta. "Mzee Mrija, tuonjeshe basi!" humpigia kelele akipita.

Kitsao ni mzee wa kanisa. Mshahara wake wa shilingi elfu ishirini hulisha watu saba, lakini si huo unaomkosesha usingizi.

"Kazi, Mungu hutoa nyingine," anasema, akifuta kioo ambacho tayari ni safi. "Jina likichafuka utalifulia wapi?"

Wanawake wanaingia. "Shikamoo, Mzee Kitsao."

"Marahaba, wanangu."

Wanapomwona mwenye gari, wananywea. Gari linaondoka kimya.

Kitsao aliendesha lori la mkonge miaka ishirini na miwili. Gari hili hujibadilishia gia lenyewe, lakini lina nafasi ya pembeni ambapo dereva akitaka huzipandisha na kuzishusha kwa mkono wake. Yeye huiweka gia hapo kila siku. Alifunzwa tangu ujana kwamba gia za mkono ndizo zinazookoa mafuta.

"Injini huongea," anaeleza. "Ikilia, naiongezea gia. Ikinung'unika, naipunguzia. Mishale ya dashibodi siitazami."

Msitu wa Arabuko unapita kulia, umelowa. Kitsao anaisikiliza injini, anapandisha gia. Kilifi, pampu inakata kwenye lita sita.

Mwingine angeshangilia. Kitsao hashangilii, maana anajua itakavyochukuliwa.

"Ahaa!" Waruguru anapiga dashibodi kofi. "Leo niko ndani, sita zimetosha! Hata mtoto angeelewa hesabu hii, Mzee. Kuna dereva mwingine yuko tayari kuanza Ijumaa."

"Sijaiba, Mama. Mungu ni shahidi."

"Mungu hakuwa kwa pampu."

Nyuma, Damaris, msimamizi wa chumba cha kufulia, anakohoa. "Mama, utuwie radhi. Leo hatukuimba."

"Kuimba kunaingiaje kwa petroli?"

"Mimi sijui. Lakini kila siku twaimba toka Gede mpaka tushuke, na Mzee ndiye besi yetu. Leo tumekuogopa wewe. Hilo tu ndilo lililobadilika."

Waruguru anacheka kwa dharau. "Haya, imbeni basi. Tuone."

Wanaanza kwa woga. Wakivuka daraja la Kilifi, sauti zinafunguka. Kitsao anajizuia, anajizuia, mwisho besi inamtoka. Wanapoikaribia njia panda ya Takaungu, vioo vinatetemeka kwa wimbo.

"Mzee," Waruguru anainamia dashibodi, "hii tatu hapa ni nini?"

Kitsao anatazama. Yuko gia ya tatu kwa mwendo wa kilomita sabini kwa saa, mshale wa injini uko juu. Wimbo unakatika. Sasa wote wanaisikia injini ikilia. Yaonekana imekuwa ikilia tangu darajani, wimbo ukiifunika.

"Tangu Februari," Kitsao ananong'ona. "Yesu wangu. Tangu Februari."

Fundi Mwambire wa Gede, aliyeulizwa kwa simu, hakushangaa. "Zamani gia za mkono ziliokoa mafuta kweli. Magari ya siku hizi yenyewe hupandisha gia mapema kuliko wengi wetu. Ukiichukua kazi hiyo mwenyewe, usijisahau."

Langoni mwa hoteli, Kitsao anazima gari.

"Jioni nitashuka stejini niseme na hao vijana," Waruguru anasema bila kumtazama. "Ijumaa uje kazini wewe, si mwingine. Lakini mpaka mwezi uishe, lita nitaziangalia."

Wanawake wamesimama kwenye manyunyu, sare zinalowa, hakuna anayeingia ndani. Kitsao anavua kofia.

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu akina mama," anasema kwa sauti, "nyinyi imbeni, nami nitaitikia. Gia nimeliachia gari. Na mafuta yakizidi tena, Mama, ufunguo nitakuletea mwenyewe, kabla hujaniita."