Nilipiga hodi Amsterdam, nikasikia nimekaribishwa

Wakuu, jambo zenu wote.

Mimi ni koko wa hapa Kindu, bibi muzee mwenye wajukuu wengi. Nasoma nyuzi zenu za safari, leo nikasema niweke na yangu. Ni ya kweli. Baba Amisi, bwana yangu, iko hapa pembeni anakula karanga, na nikiongopa atanikatiza.

Ilikuwa wakati wa Zaire, chama moja tu, kila muntu anaitwa sitwayen, yaani mwananchi, na wanaume wamevaa abakosti, ile koti isiyo na tai. Baba Amisi alikuwa fundi wa mashini za mashua pale bandarini. Wakubwa wake wakamutuma Anvers, Ubelgiji, kwa staji, kuongeza ujuzi wa kazi. Miezi ya mwisho wakakubali nimufuate. Mutoto wetu Amisi nikamuacha kwa mama mukwe, Mama Mwamini, nikapanda ndege.

Sasa mujue hii, juu hapa njo maneno yote iko.

Tangu tuoane, tulikuwa hatujalala sisi wawili tu hata siku moja. Nyumba yetu ya Kindu ilikuwa na watoto wa ndugu zake: Saidi, Zaina, Kalume, Mwavita, Asha na Hamisi mukubwa. Wanalala mpaka kwenye mulango wa chumba yetu. Ukigeuka kitandani, Kalume anauliza, "Mama, ni nini?"

Nikafika Anvers nikisema, sasa tumepona. Kumbe nyumba ya wenye staji ukuta ni wa mbao. Huku sitwayen Salumu anakohoa, kule sitwayen Mulamba anafungua redio.

Basi Baba Amisi akasema, "Mbele ya kurudi Zaire nitakupeleka Amsterdam. Sisi wawili. Tutalala oteli, tufunge mulango na ufunguo."

Tulikuwa na pesa kidogo sana. Tukabeba mikate, mayai ya kuchemsha na termosi ya chai. Tukapanda treni asubuhi.

Wakuu, ile muji.

Mto wameikata vipande vipande, kila kipande wamekipatia njia yake katikati ya nyumba. Mto wetu ungeona vile ungecheka. Na kinga, zile baiskeli, zimejaa kila daraja, lakini sikuona hata moja imebeba mafuta ya mawese ao mukungu wa ndizi. Wanajibeba wenyewe tu.

Watu wamesongamana sawa siku ya soko. Mimi nasalimia. Bonjour, bonjour.

Baba Amisi akaniambia, "Mama Amisi, ukiwasalimia wote hawa tutafika oteli mwaka kesho."

Nikamujibu, "Na nikinyamaza watasema watu wa Kindu hawakulelewa."

Madirisha yao makubwa, pazia hakuna. Nikaona familia nzima iko mezani inakula. Nikasimama. Kwetu muntu akikuona unapita na yeye anakula, lazima aseme karibu. Hawa walinitazama, wakaendelea na supu yao. Baba Amisi akanivuta mukono.

Shida ilianza oteli ya kwanza. Imejaa. Ya pili, imejaa. Wanasema ni wakati wa maua, watu wametoka kila inchi kuja kutazama maua. Tukazunguka mpaka miguu ikavimba. Moja ilikuwa na kitanda, lakini ni chumba cha watu wengi: wanaume huku, wanawake kule. Hapo Baba Amisi alicheka vibaya.

Tukakaa kando ya maji, tukakula mayai yetu. Akatazama saa yake.

"Turudie treni," akasema. "Nilitaka tu. Imekataa."

Nikawaza Salumu na kikohozi chake, kisha Kalume kwenye mulango, na kwamba nafasi ingine ya kuja huku haitakuwako tena. Tukabeba valizi yetu ya nguo.

Tukiwa njiani kwenda gare ya treni, nikaona mashua ndefu imefungwa kando. Lakini ni nyumba: iko na pazia, na maua ndani ya ndoo. Mama mumoja munene amekaa juu yake anamenya viazi, beseni nzima, peke yake.

Huyo siwezi kumupita kimya. Anafanya kazi. Nikasimama kwenye ubao wa kupandia, nikaita kama ninavyoita kwetu, "Hodi."

Akainua kichwa, akacheka, akasema, "Hoi."

Nikajua amenijibu. Kwao njo karibu yao. Nikavua viatu, nikaingia.

Baba Amisi nyuma yangu, "Mama Amisi, rudi. Unaenda wapi? Hiyo ni nyumba ya watu."

"Amenikaribisha. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikakaa karibu na yule mama, nikachukua kisu kingine, nikaanza kumenya. Akanitazama, akatazama viatu vyangu, akatazama bwana yangu amesimama kule na valizi. Akasukuma beseni katikati yetu.

Jina lake Griet. Alijua Kifaransa kidogo, na Baba Amisi alipopanda, na haya zake zote, wakasemezana. Bwana yangu akamueleza kwamba mimi bibi yake nilipiga hodi na yeye Griet akaitika.

Mama Griet alicheka mpaka kiazi kikaanguka majini. Kumbe "hoi" ni salamu tu. Ni sawa kusema jambo. Hakuna muntu aliyenikaribisha.

Nikasimama nitafute viatu, uso unawaka.

Akanishika kikwembe nilichojifunga. "Umeisha kumenya nusu," akamuambia Baba Amisi anitafsirie. "Sasa nani atakula?"

Tukakula naye. Akauliza tunalala wapi, Baba Amisi akamueleza zile oteli. Akatupeleka nyuma ya mashua, kwenye kachumba ka binti yake Anneke aliyekuwa ameolewa. Kitanda kidogo, dirisha la mviringo. Kwenye mulango, ufunguo. Akatupatia mashuka, akaenda zake mbele.

Baba Amisi akafunga. Tukakaa kitandani. Hakuna anayekohoa.

Baba Amisi akasema, "Sijui Hamisi alipona ile kidonda."

Nikasema, "Na Asha, sijui anamusaidia Mama Mwamini."

Tukataja Amisi wetu, Zaina, Saidi, Mwavita, wote mpaka Kalume. Tulikuja mbali vile kuongea watoto. Mwishowe nikamuambia, "Baba Amisi, hao wako Kindu. Huku iko nani?"

Akafikiri kidogo. Halafu akaniita kwa jina langu, Sakina.

Tangu siku ya arusi hakuwa ameniita hivyo. Nikageuka kama muntu anayeitwa kwa mbali.

Wakuu, mimi sikusoma sana, lakini hii nilijifunza: hata kama nyumba imejaa, mutafute mahali penye mulango, mukumbuke majina yenu. Si lazima Ulaya.

Nyinyi je? Siku ya kwanza kuwa wawili tu na wako ilikuwa wapi? Waandike hata wale wenye haya, hapa hakuna anayewajua. Baba Amisi amesema ataisoma yote.