Picha ya Baba Niliyokataa Kuiunganisha

Mwalimu wangu wa picha alikuwa na sharti moja: usiguse kitu. Ukishabonyeza kamera, kilichoingia kimeingia, kilichobaki nje kimebaki nje. Studio yake ilikuwa mtaa wa Ufukoni, na nyuma ya kiti chake ilitundikwa picha iliyompa jina mjini: mpakiaji wa bandarini amebeba gunia la korosho, mwale mmoja wa jua umemwangukia mgongoni, magunia mengine yamepangwa nyuma yake safu kwa safu. Alituambia huo ndio usasa wenyewe, mwanga na umbo, bila mapambo wala hila. Wanaokata na kubandika aliwaita wapaka poda. Nilimwamini kuliko nilivyowahi kumwamini mtu, na leo kuandika hivyo kunanitia hasira.

Kaka yangu alipooa, baba alikuwa ameshafariki. Mama alinijia na picha ndogo ya pasipoti ya baba, ameifunga kwenye pindo la kanga, akaniomba nimsimamishe mumewe kando yake kwenye picha ya familia ya harusi. Kwetu si jambo la ajabu. Unaingia sebuleni kwa watu unamkuta marehemu amesimama na wajukuu asiowahi kuwaona, kichwa kikubwa kidogo kuliko mabega, na hakuna anayecheka.

"Mama, huo ni uongo," nikamwambia. "Baba hakuwepo."

"Najua hakuwepo, mwanangu. Eda si nilikaa mimi?"

Nikakataa, nikamrudishia picha yake. Nilipomsimulia mwalimu, akanisimamisha mbele ya wanafunzi wenzangu na kunisifu. Anayeweza kumnyima hata mama yake, alisema, huyo ndiye mpigapicha. Nikarudi nyumbani kifua mbele, mjinga mimi.

Mwaka huu mwalimu alifanya maonyesho Mikindani, katika nyumba moja ya mawe iliyokarabatiwa. Nilivaa vizuri, nikawahi. Picha ya mpakiaji ilikuwa katikati ya ukumbi, na chini yake zimepangwa picha tatu zilizoizaa: ghala la bandarini lisilo na mtu, mwale wa jua uliopigwa ndani ya nyumba nyingine kabisa, na mpakiaji mwenyewe amesimama uani kwa mwalimu, nyuma yake kamba ya kuanikia nguo. Mwalimu akawaeleza wageni kwamba zama za usasa zimepita. Sasa tuko kwenye usasaleo, alisema. Hakuna picha ya kweli, kila picha hutungwa, na anayedhani kamera ni shahidi bado ni mtoto. Watu wakampigia makofi.

Nikamfuata pembeni. "Mwalimu, hii uliiunganisha lini?"

"Aa, zamani hiyo. Kabla hata hujaja kwangu."

"Sasa sisi ulitukataza kwa nini?"

"Mwanafunzi lazima aanzie mahali," akasema, akageuka kumpa mgeni mkono.

Mahali! Mimi nilianzia kwa mama yangu. Nilitoka bila kuaga. Angekuwa amebadili mawazo tu nisingemlaumu, watu hubadili mawazo. Lakini siku ile ananisifu, picha ile ilikuwa juu ya kichwa chake, na alijua. Alinisaliti akiwa anatabasamu.

Nilikuwa na nakala ya picha ya baba. Nikakaa nayo kwenye kompyuta siku kadhaa, nikalinganisha mwanga, nikamvalisha kanzu, nikamsimamisha kando ya mkewe kwenye picha ile ya harusi. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikampelekea mama. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akanirudishia.

"Umeitengeneza vizuri. Ila ulisema ni uongo."

"Nilidanganywa, mama."

"Na mimi nilikuamini. Uliponikatalia nilikwenda kwa fundi picha mmoja wa sokoni, akaniunganishia. Nikaiweka chumbani. Lakini kila nikimtazama baba yako, nasikia sauti yako inaniambia huo ni uongo. Nikaichana."

Nikamsihi achukue basi hii, ni nzuri zaidi, baba ametulia kabisa. Akaipokea, akaisogeza karibu na macho, akajaribu tena kumwona, kwa ajili yangu nadhani.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Simwoni. Naona ulipomkatia."