Leseni ya Marehemu

Kabla sijaona mtu, nilisikia ukuta ukigongwa. Ko, ko, ko, kisha kimya, kama mtu anayebisha hodi na kusubiri nyumba yenyewe imjibu. Nilikuwa bado kwenye kijia nyuma ya mahindi. Nilikuwa nimetoka Homa Bay alfajiri, kwa sababu mama alinipigia simu kuniambia amepata fundi.

Nyumba ya mama iko nje kidogo ya Uriri, juu ya ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mvua iliyopita iliacha ufa kwenye ukuta wa chumba chake cha kulala, mpana wa kuingiza vidole. Nyumba ya jirani ilianza vivyo hivyo, na siku moja ukuta ukaangukia kitanda ambacho, kwa rehema za Mungu, hakikuwa na mtu. Sasa mawingu yalikuwa yameanza tena kukusanyika upande wa ziwa, na mama hakutaka kusikia habari ya kuhamia kwangu. Mjane akiiacha nyumba yake, kwetu watu husema boma limekufa. Kwa hiyo ukuta ulipaswa kutengenezwa kabla ya mvua, na kutengenezwa vizuri.

Nilimkuta fundi akiwa ameshika nyundo, sikio karibu na plasta. Alikuwa mtu wa makamo, mpole. Mama alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tumzike baba.

"Nyathina," aliniambia, mwanangu, kwa Kijaluo chake cha siku njema, "huyu ndiye aliyejenga lile kanisa la Magunga. Kuta zake hazina hata mstari."

"Tumshukuru Mungu, mama," fundi alisema, bila kukubali wala kukana.

Tulipoketi ndani kunywa chai, nikamwomba leseni yake. Huku kwetu ombi hilo huuma. Fundi huulizwa amejenga wapi. Mwizi ndiye huulizwa karatasi. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza. Lakini yule bwana alicheka, akafungua mfuko wa plastiki na kutoa cheti kilicholainika kwenye mikunjo kama leso.

"Soma, mwalimu," akasema. "Usinipe mtihani tu."

Niliingiza namba kwenye simu, katika orodha ya wakandarasi waliosajiliwa. Jina lilitokea, lile lile la kwenye cheti. Mama akanitazama kwa ushindi. Lakini leseni ilikuwa imeisha muda, haijafanywa upya.

"Na kitambulisho?" nikauliza.

"Kitambulisho! Unataka kuniandikisha kura?" Alicheka tena, ila mkono haukwenda mfukoni. "Mama, huyu mtoto wako ni polisi?"

"Mwonyeshe tu anyamaze," mama alisema.

Alikitoa taratibu, akakilaza mezani kifudifudi. Mama ndiye aliyekigeuza. Jina la baba yake lilikuwa lile la kwenye cheti. Jina la kwanza lilikuwa lingine.

"Cheti ni cha kaka yangu," alisema. "Marehemu."

Chai ilipoa. Hakunitazama tena, alimwambia mama peke yake.

"Sikuiba. Alipokufa, wazee waliniita. Wakasema, ingia nyumba ya kaka yako, lisha mjane, lea watoto. Nikaingia. Nikachukua jembe lake, na nyundo hii. Watu wakaanza kuniita kwa jina lake, nikaitika. Sasa hii karatasi ndiyo ningeiacha?"

Nilimwamini, na bado namwamini. Kwake leseni ilikuwa kama ng'ombe: mwenyewe akifa, haiachwi malishoni.

Mama alikizungusha kikombe chake. "Na kanisa la Magunga?"

"Nilikuwepo, mama."

"Ukifanya nini?"

"Nilikuwa nachanganya zege. Na kubeba maji."

"Ukuta je?"

"Ukuta ulikuwa wake."

Niliona ile furaha ikimtoka mama usoni, na sikupenda kuwa mimi niliyeuliza swali la kwanza.

"Baba ya huyu alipokufa," mama alisema, "shemeji zangu walikuja kurithi. Walitaka redio. Walitaka baiskeli. Walitaka na mimi. Redio na baiskeli niliwapa."

Fundi alitabasamu kidogo.

"Kwa hiyo sikulaumu kwa kurithi. Lakini mimi ndiye ninayelala chini ya ukuta huu, na kaka yako hayupo wa kuujenga."

"Ningefanya kwa uangalifu, mama."

"Najua."

"Mvua iko hapo tu. Wenye leseni hawaji huku kwa chumba kimoja. Nani atakutengenezea?"

Nilikuwa nimeshawapigia wengine. Wa Migori alicheka aliposikia ni ukuta mmoja. Wa Homa Bay alisema tungoje mvua ziishe.

Mama aliimwaga ile chai baridi, akampa ya moto. Aliinywa yote, kwa heshima. Kisha akakikunja cheti kwa mikunjo yake ya zamani, akakirudisha kwenye mfuko, akasimama.

"Mke wa marehemu alinifulia hili shati jana," alisema, akilinyoosha kifuani. "Nilimwambia nimepata kazi."

"Msalimie," mama alisema. "Msalimie sana."

Akainamisha kichwa, akatoka. Mama alibaki amesimama, mkono kwenye komeo, akimtazama akikatiza uani kuelekea barabarani. Kisha akaufunga mlango.