Maneno Niliyomwambia Mfalme

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, tulisali kwa Wamormoni, katika ukumbi wa kupanga juu ya duka la matairi pale Ruiru. Mama alihamia huko kwa sababu moja tu: hakukuwa na spika. Alikuwa amechoka kuombewa kwa kelele. Cucu, bibi yetu mzaa baba, alikaa Thika na alikuwa na kanisa lake la miaka yote. Alisema watu ambao dini yao inawakataza chai si wa kuaminika, lakini siku ya mchezo wa watoto alikuja.

Mchezo ulihusu maisha ya mfalme mmoja wa maandiko yao. Jina lake ni lile la mzee wa safina, ila huyu hakuokoa hata paka. Alirithi kiti kutoka kwa baba mwema, akawatoza watu kodi nzito, akajenga jumba na mnara, akaoa wake wengi, akalewa. Nabii akaja kumkanya, naye akaamuru achomwe moto. Nabii akiungua akamwambia: nawe utakufa hivi hivi. Ikawa. Maadui walipovamia, mfalme aliwaamuru wanaume wawaache wake na watoto nyuma, wakimbie naye. Baadaye wanaume hao wakamgeukia, wakamchoma. Sisi watoto tuliipenda hadithi hii kupita kiasi.

Ndugu yangu Karanja, wa miaka minane, alikuwa mfalme kwa sababu alikuwa na mashavu. Joho lake lilikuwa pazia letu la zamani la sebuleni, jekundu, la nailoni. Mimi nilikuwa nabii kwa sababu hakuna mvulana aliyeweza kukariri.

Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na msichana wa kwanza jina la bibi. Si heshima tu. Mtoto ndiye mtu yule. Karanja alikuwa babu, aliyefariki kabla hatujazaliwa, na mimi, Wangari, nilikuwa Cucu. Asubuhi ile ya mchezo Cucu alimsalimia Karanja kwanza, kama kawaida.

“Mume wangu, umekonda. Huyu Wangari hakupikii?”

Tulicheka. Yeye pia alicheka.

Nilipofika kwenye laana, nilimwona Cucu mstari wa mbele, anasinzia. Kiswahili cha jukwaani kilikuwa kimempita. Basi nikabadilisha. Nikasema kwa Kikuyu, kwa sauti kubwa, na mahali pa “mfalme” nikaweka jina atakalolijua.

“Karanja, utakufa kama ninavyokufa mimi. Kwa moto!”

Cucu alisimama. “Wangari! Rudisha hayo maneno.”

“Cucu, ni mchezo.”

Dada Esta, mwalimu wetu, akaingilia kwa upole. “Shosho, hayo ni maandiko tu.”

“Maandiko yako yana majina yao. Hilo ni la mume wangu. Na aliyelisema ni mimi.”

Kisha akaniambia la kufanya, polepole, kama anayeagiza chumvi dukani. Laana ya mtu wa damu yako haiondolewi na mwingine. Mdomo uliotamka ndio unaofuta. Nimtemee Karanja mate kidogo kifuani, nimtakie amani, basi. Karanja alikuwa ameshafungua shati. Alisimama na taji lake la karatasi, kifua nje, amejikaza kama mtu anayengoja sindano.

“Fanya haraka, Wangari.”

Kulikuwa na watoto watatu wa mtaa wa Kahawa Sukari, waliokuja na gari la baba yao. Wakaanza.

“Ai! Anataka kumtemea!”

“Nabii wa mate!”

Nikakunja mikono. “Mate yana viini vya magonjwa, Cucu. Tulifundishwa sayansi.”

Ukumbi ulicheka, safari hii ukiwa upande wangu. Utamu ule naukumbuka hadi leo. Karanja alifunga vifungo kimoja kimoja, na Cucu akarudi Thika bila kula.

Wiki ya tatu baada ya mchezo, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nakoroga uji. Karanja alikuwa akitawala jikoni, pazia mabegani. Aligeuka kuamrisha jeshi lake, ncha ya pazia ikagusa stovu. Nailoni huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Nilimmwagia ndoo nzima ya maji, lakini mgongo na mkono wa kushoto vilikuwa vimeshaungua.

Hospitalini Thika, alipoweza kusema, alinitafuta kwa macho. “Nitemee sasa.”

Niliinama. Mate yalikuwa mdomoni tayari. Muuguzi akanivuta kwa kola. “We msichana, una wazimu? Kidonda hiki kikiingia uchafu, huyu anaenda!”

Nikameza.

Karanja alipona. Ana duka la simu Juja, na mkono wa kushoto haunyooki. Hunitania kwa kila kitu chini ya jua isipokuwa hilo. Cucu hakunilaumu hata siku moja. Aliacha tu kuniita Wangari. Hadi anakufa aliniita “mtoto.”

Nimesoma hadi chuo kikuu, na naweza kukueleza habari ya pazia na stovu bila kuhitaji mzimu wowote. Nimejieleza mara nyingi. Maelezo ni sahihi, na hayajawahi kunisaidia kulala.

Mwaka jana nilikisoma tena kisa cha yule mfalme, nikakuta kipande ambacho Dada Esta alikiruka ili mchezo usiwe mrefu. Mfalme aliyaogopa maneno ya nabii. Alikuwa karibu kumwachilia. Ni makuhani waliomzunguka waliopaza sauti kwamba ametukanwa, naye akamtoa auawe.

Miaka yote hiyo nilijihesabu kuwa nabii. Lakini pale mbele ya Karanja na shati lake wazi, viini havikuwa akilini mwangu hata kimoja. Nilikuwa nikiwatazama wale watoto wa Kahawa Sukari.