Risasi za Mzee Athmani na Ukwaju Wangu

Haya ninayowasimulia yamenitia haya miaka yote hii, na yeyote atakayecheka kabla sijamaliza, nanyamaza.

Ilikuwa Birmingham, miaka ya sabini mwanzoni, nami nimepeleka posa kwa Zuhura, binti wa Mzee Athmani, Mmombasa mwenzangu aliyekaa mtaa wa Small Heath, na Mzee alikuwa hajanijibu bado. Alikuwa na bunda la risasi kumi za bunduki aliloachiwa na babake, askari wa vita vya Mjerumani, limefungwa kwa karatasi ya kahawia na uzi, halijapata kufunguliwa. Tulipanga Jumamosi tulipeleke kwa mthamini kwenye ukumbi wa mnada. Mimi, kwa kujipendekeza, nikasema, "Niachie mimi, baba, nafanya kazi kiwanda cha shaba, vitu hivi navijua" (kiwandani nilikuwa nafagia).

Alinikabidhi Alhamisi; Ijumaa baada ya sala nikalitazama lile bunda nikaona linatia aibu. Kwetu shaba husuguliwa kwa ukwaju na majivu, mamangu hakujua njia nyingine, basi nikakata uzi, karatasi nikaitupa, nikasugua risasi moja moja mpaka nikajiona sura, kisha nikazipanga juu ya hita ya mafuta ya taa zikauke vizuri.

Ukumbini watu tele. Mthamini, Mzungu mpole, akaipindua moja akatazama kitakoni.

"Herufi za kiwanda hapa mbona zimefifia hivi?"

Nikamwambia, kwa fahari, kulikuwa na uchafu nimeutoa.

"Na karatasi?"

Nikamwambia nimeitupa.

Akavua miwani. Akaeleza (na mkalimani wa Mzee ni mimi, sina pa kukwepea) kwamba risasi kama hizi zimejaa tele, bali bunda lililofungwa tangu kiwandani watu huligombania, na karatasi ile ndiyo iliyokuwa na jina la kiwanda na mwaka. Kisha akauliza nilizikaushaje. Nilipotaja hita akaiweka risasi mezani polepole sana, akaomba watu wote watoke nje. Mvua ilikuwa inanyesha, na kila aliyepita alinitazama.

Basi lilipokuja, Mzee akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, "babangu alilibeba vita vizima hakulifungua. Wewe nimekupa siku mbili."

Zuhura aliolewa mwaka uliofuata. Nilialikwa, nikala pilau, nikaondoka mapema. Tangu hapo kitu cha mtu nikipewa nikishike, nakishika tu.