Mpatanishi wa Juu ya Duka la Magodoro

Wanafunzi ndio waliomwita Mpatanishi. Walimtania, lakini mwenyewe alilivaa jina hilo kama tai, na baada ya muda hata mkewe alilitumia pale alipotaka kumuudhi.

Alifundisha katika kituo cha tuisheni juu ya duka la magodoro. Ukipanda ngazi pua inajaa harufu ya sponji mpya na plastiki, kisha unaingia chumba kirefu chenye viti vya kukunja, feni iliyosimama, na ubao mweupe uliofutwa mpaka ukawa na rangi ya maji ya mchele. Madirisha yalitazamana na ukuta wa jengo la jirani. Hapo vijana waliandaliwa kwa mtihani wa kujiunga na kitivo cha sheria, na katika mtihani huo kulikuwa na kipande kilichowatoa jasho wote: maswali ya ukinzani.

Swali la ukinzani hukupa mambo mawili yasiyopatana. Mpatanishi alipenda kuanza na lile la taa. Mtaa fulani ulikuwa na giza, wizi ukakithiri. Halmashauri ikaweka taa. Mwaka uliofuata taarifa za wizi zikaongezeka. Ni lipi kati ya haya, kama ni kweli, linaeleza vyema hali hiyo? Darasa lilinung'unika kila mara. Mmoja alisema taa zilikuwa hafifu, mwingine alisema wezi wamekuwa wengi siku hizi. Yeye alitikisa kichwa kwa upole wa mtu anayeijua siri ya nyumba. Jibu ni kwamba baada ya taa kuwekwa, watu walioogopa kupita mtaa huo walianza kupita kwa wingi. Taa ni kweli, wizi ni kweli, na katikati yao kuna jambo la tatu linalowaruhusu kukaa nyumba moja bila ugomvi.

"Kazi yako si kukanusha ulichopewa," alisema. "Kazi yako ni kupatanisha."

Siku mwanafunzi mmoja aliposema, "Labda waliohesabu walikosea, mwalimu," Mpatanishi alimtazama kama mtu aliyekuja harusini kuulizia msiba.

Ndani ya mtihani kanuni hiyo ni sahihi, na sina ugomvi nayo. Mchezo wowote una mipaka yake ya chaki. Tatizo ni kwamba huyu bwana alipotoka uwanjani hakuona kuwa chaki imeisha. Aliteremka ngazi na kanuni yake mfukoni, akaingia nayo barabarani, sokoni, nyumbani, hadi kitandani. Kuna elimu inayomfumbua mtu macho, na kuna elimu inayomfundisha kuyafumba kwa ustadi. Yeye alihitimu hii ya pili.

Fundi wa bati alikuja kuziba paa lililovuja sebuleni. Mvua iliyofuata, maji yakashuka sebuleni, jikoni na juu ya kabati la nguo. Mkewe alisimama katikati na beseni mkononi.

"Huyo fundi wako ametuharibia nyumba."

"Tusikimbilie hapo," Mpatanishi alisema. "Bati likikazwa vizuri, maji hukimbilia pembeni. Huko pembeni kulikuwa na matundu ya zamani tusiyoyajua. Kwa hiyo fundi amefanya kazi nzuri, na nyumba inavuja zaidi. Yote mawili ni kweli."

"Basi kalale huko pembeni," mkewe alisema, akamwachia beseni.

Fundi naye alikuwa hajawahi kupata mteja wa namna hiyo. Alikuja mara nyingine, akakoroga mambo zaidi, akapewa chai.

Mtihani wenyewe Mpatanishi aliufanya ujanani mpaka nafasi alizoruhusiwa zikaisha, na hakuchaguliwa. Wanafunzi walijua, na wakubwa wao waliwarithisha wadogo habari hiyo. Aliyethubutu kumuuliza alijibiwa kwamba mtihani huchagua wanaouhitaji, si wanaouelewa, na kwamba kuuelewa kupita kiasi hupunguza kasi ya kalamu. Alilisema hilo bila kupepesa macho. Nadhani aliliamini, na hapo ndipo mtu anaposhindwa kumcheka kwa raha.

Dada yake mkubwa alikuwa muuguzi, mama mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, na alikuwa na binti mmoja. Binti huyo alitaka sheria tangu alipokuwa anabishana na mwalimu wa zamu kuhusu adhabu. Alisoma juu ya duka la magodoro, chini ya mjomba wake, na katika kila mtihani wa majaribio aliongoza. Jina lake lilikaa juu ya orodha ubaoni kama jogoo juu ya paa. Kisha akaenda kwenye mtihani halisi, akaanguka. Si kwa nukta chache za kujifariji nazo, alianguka kabisa.

Chuo kiliruhusu kila mtu majaribio mawili maishani. Moja lilikuwa limekwenda. Likienda na la pili, sheria ingebaki kitu cha kutazama kwenye runinga. Binti alilijua hilo, mama yake alilijua, na mjomba wake alilijua kuliko wote, maana aliwahi kusimama mahali hapo hapo.

Alirudi kituoni. Wiki za mwanzo alikaa kiti cha mbele. Kisha alianza kukaa nyuma, na jioni moja watu walipokuwa wanakunja viti alimfuata mjomba wake ubaoni.

"Mjomba, najua jibu kabla sijamaliza kusoma swali."

"Huo ndio umahiri, mama. Umefika."

"Si umahiri. Lile la bomba la maji nililifanya mwaka jana likiwa la kisima. Lile la kiwanda cha sabuni lilikuwa la kiwanda cha biskuti. Jibu ni lile lile, tena chaguo la tatu."

Mpatanishi aliendelea kufuta ubao ambao tayari ulikuwa mtupu. Yeye ndiye aliyekuwa akichapa mitihani hiyo. Mkurugenzi wa kituo alimpa bunda la zamani, naye aligeuza mji kuwa kijiji, ng'ombe kuwa mbuzi, akapeleka kwenye fotokopi.

"Kurudia ni mama wa kujua," alisema.

"Nikirudia wimbo mmoja miaka miwili, nitakuwa mwimbaji?"

"Inategemea wimbo."

Binti alicheka, maana alimpenda mjomba wake, lakini kicheko kilikatika njiani. "Nambie ukweli tu. Nikienda hivi nilivyo, napita?"

"Alama zako ziko juu sana."

"Sijauliza alama."

Mjomba alirudi kufuta ubao. Binti aliaga, akateremka.

Mwezi huo kukawa na mkutano wa wazazi. Mkurugenzi, mtu mfupi aliyetamka neno "takwimu" kama wengine wanavyotamka "amina", alibandika ukutani chati mbili. Moja ilionyesha alama za majaribio, mstari unapanda kama mlevi anayetafuta kitasa. Nyingine ilionyesha waliochaguliwa chuoni, na huyo mlevi alikuwa amekwisha kuanguka ngazini. Sijui kwa nini aliibandika hiyo ya pili. Labda alimtegemea Mpatanishi kiasi hicho.

Baba mmoja mwenye karakana, grisi bado kwenye kucha, aliinua mkono. "Mimi nauliza tu. Watoto wanapanda kila mwezi, chuoni hawafiki. Sasa wanapandia wapi?"

Ukumbi ulicheka. Mkurugenzi akageuka. "Mwalimu atatufafanulia."

Mpatanishi alisimama, akafunga kifungo cha koti. Lazima nikiri alikuwa mzuri. Alimshukuru mzazi kwa swali. Akasema tuchukulie yote mawili ni kweli. Mtoto aliyenolewa vizuri hujiamini. Akijiamini huchagua kitivo kigumu. Kitivo kigumu huchukua wachache. Kwa hiyo kadiri kituo kinavyonoa, ndivyo wanaochaguliwa wanavyopungua. Kupungua kwao ni dalili ya ubora. Sauti yake ilitambaa juu ya vichwa kama moshi wa udi, na wazazi, waliokuja na hasira ya mchana kutwa, walianza kuitikia kwa vichwa. Mwenye karakana alikuna kidevu. Alionekana kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoielewa na anaona aibu kuihesabu.

Binti alisimama nyuma. "Mjo... mwalimu. Na kama moja kati ya hayo mawili si kweli?"

"Hilo halikanushwi. Umelipewa."

"Nani kanipa?"

"Swali limekupa," alisema, kisha akatabasamu kwa ukumbi. "Chaguo hilo halimo."

Watu walicheka tena, safari hii wakimcheka mtoto. Mama yake, aliyekuja na sare yake ya kazini, alinyanyuka, akachukua mkoba wake na wa bintiye. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Mdogo wangu, kwetu wodini kipimo kikisema mgonjwa mzima na mgonjwa anatetemeka kitandani, tunabadilisha kipimo. Hatumhutubii mgonjwa."

Hawakurudi tena kituoni. Binti alihamia kwenye meza ya kulia ya mama yake, pamoja na msichana mwingine aliyeanguka mwaka ule ule. Waliacha maswali ya kuchapwa. Walikata magazeti, kila mmoja akatafuta habari mbili zisizopatana, akamtungia mwenzake swali, na mwenzake akalivunja. Hospitali imeongeza vitanda na foleni imerefuka: kwa nini? Kabla ya kupatanisha waliulizana kwanza kama habari yenyewe ina mashiko, ingawa walijua mtihani hauulizi hilo. Walisema inawaamsha. Mara nyingi walikosea, na walifurahi kukosea, maana sasa walijua wamekosea wapi.

Mpatanishi alisikia. Akaja Jumapili moja na bahasha ya kaki kifuani, uso wa mtu anayeleta dawa.

"Nimekutungia mapya," alimwambia mpwa wake. "Usiku na mchana. Hakuna aliyewahi kuyaona."

Binti alifuta mikono, akaketi, akatoa karatasi ya kwanza. Nataka kuamini kwamba mjomba alijaribu. Nataka kuamini aliketi mbele ya karatasi tupu, akaingoja dunia impe mambo mawili mapya yanayogongana, na kwamba dunia, aliyoipatanisha kwa miaka mingi, haikuwa na mgongano wowote wa kumpa. Kila alipotazama palikuwa pamekwisha kulainishwa, na kwa mikono yake mwenyewe.

"Bandari imepunguza ushuru na mizigo imepungua," binti alisoma. Akafunua ya pili, akafunua ya tatu. Kisha akazirudisha zote ndani ya bahasha, taratibu.

"Hii ni ile ya soko, mjomba. Umeondoa nyanya ukaweka makontena."

"Umbo tu linafanana."

"Na jibu ni chaguo la tatu tena?"

Mjomba alinyoosha pembe ya bahasha. Mama mtu, aliyekuwa akipiga pasi sare yake, hakuinua macho. "Mpe chai mjomba wako," alisema. "Kisha mfungulie mlango."

Mtihani ulifanyika, majibu yakatoka, na binti akachaguliwa. Hakuongoza. Jina lake lilikuwa chini ya katikati ya orodha, mahali ambapo jina halionekani mpaka ulifuate kwa kidole, na mama yake alilifuata kwa kidole mbele ya manesi wote wa zamu. Yule mwenzake naye alichaguliwa. Kutoka juu ya duka la magodoro hakuchaguliwa hata mmoja.

Wiki haikuisha, bango likatundikwa kwenye roshani ya kituo. Lilikuwa na uso wa binti, uliokuzwa kutoka picha ya kitambulisho, akiwa na macho ya mtu aliyeambiwa asipepese. Chini yake: MATUNDA YA KITUO CHETU. Wazazi wapya walipanda ngazi kuandikisha watoto.

Muuguzi alitoka zamu ya usiku, akafika akiwa bado na viatu vyeupe. Aliazima ngazi kwa muuza magodoro, akaiegemeza ukutani. Mpatanishi aliteremka mbio.

"Dada, watu wanatuangalia."

"Waangalie."

"Sikiliza kwanza. Aliondoka kwetu, ni kweli. Amefaulu, ni kweli. Lakini mbegu ikipandwa huku na ikaota kule, mpanzi—"

"Ngazi inayumba," dada yake alisema, akiwa amekwisha kupanda nusu.

Akaishika. Aliishika kwa mikono miwili, kichwa kimeinuliwa, akiendelea kueleza: kwamba hasira ya binti ndiyo iliyomfanya asome, na hasira hiyo aliipata kituoni, kwa hiyo kituo kilichangia, hata kwa kumuudhi. Mwenye duka alitoka kusikiliza. Huko juu dada yake alitoa mkasi wa kukatia bandeji, akakata kamba ya kwanza, akahamia ya pili. Bango likashuka likimkwaruza Mpatanishi begani. Aliinama kulipisha, akaendelea kusema.

Muuguzi aliteremka. Akalikunja bango, uso ukiwa ndani, akaliweka kwapani. Macho yake yalikuwa mekundu, ya usingizi au ya kitu kingine.

"Alikuuliza atapita au hatapita," alisema. "Neno moja tu."

Mpatanishi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, nadhani, alikuwa na jambo moja tu mbele yake, na hakujua la kulifanyia.

"Achia ngazi," dada yake alisema. "Ni ya watu."